Tanzia ya Kigiriki na mungu wake

Tanzia ni tamthilia ya anguko: mfalme au shujaa wa hadithi za kale anaporomoka mbele ya watazamaji, kwa kosa lake, kwa mkono wa miungu, au kwa yote mawili. Maana hiyo inatosha darasani, lakini inaacha jambo kubwa nje. Huko Athens, karne ya 5 KK, aliyekwenda kutazama tanzia alikuwa amekwenda kwenye sikukuu ya dini.

Mwenye sikukuu alikuwa Dionysus, mungu wa mvinyo na wa kupagawa. Kila majira ya kuchipua waumini waliandamana, wakachinja mafahali, kisha wakaketi kwenye mteremko wa kusini wa Akropolis, kilima kitakatifu cha Athens, ndani ya eneo takatifu la mungu huyo. Kuhani wake alitengewa kiti cha mbele. Watunzi watatu walishindana, kila mmoja kwa tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha, na gharama za kila kwaya, yaani kundi la waimbaji na wachezaji katika mchezo, zilibebwa na raia tajiri.

Mwanafalsafa Aristotle anasema tanzia ilitokana na waongozaji wa ditirambo, wimbo wa kwaya wa kumtukuza Dionysus. Aliandika karne mbili hivi baada ya mambo yenyewe, kwa hiyo tumsikilize kwa tahadhari, ila maelezo yake yanaingia akilini. Mapokeo yanamtaja Thespis, mnamo 534 KK, kuwa mtu wa kwanza kujitenga na kwaya na kujibizana nayo. Hapo ndipo mageuzi yalipo: anayeimba habari za mfalme ni msimulizi, lakini anayesimama na kinyago usoni akasema "mimi ndiye mfalme" ni mwigizaji. Baadaye mtunzi Aeschylus akaongeza mwigizaji wa pili, na mtunzi Sophocles wa tatu.

Ajabu ni kwamba Dionysus mwenyewe haonekani sana. Hadithi ni za Oedipus, Agamemnon, Medea, hata Wagiriki wakawa na msemo wa kulalamika kwamba hayo hayamhusu Dionysus. Kati ya tanzia thelathini na kidogo zilizotufikia nzima, ni Bacchae ya mtunzi Euripides pekee inayomweka katikati. Anafika mji wa Thebes kwa sura ya binadamu, mfalme Pentheus anakataa kumwabudu, na mama mzazi wa mfalme, akiwa amepagawa, anamrarua mwanawe akidhani ni simba. Kwangu mimi, hakuna mchezo unaoonyesha vizuri zaidi kwa nini uigizaji ulikuwa mali ya mungu huyu.