Saraka ya Sapelo

Mpishi yeyote wa Pwani anaijua kazi hii. Unaosha mchele, unauloweka usiku kucha, asubuhi umeshavimba, unautia kinuni na kuutwanga hadi ulainike. Kisha unatia asali, au sukari ikiwepo, unaufinyanga kwa mikono kuwa vikate bapa, unawaita watoto, na kila mmoja anapewa chake mkononi.

Maelezo hayo yalitolewa miaka ya 1930 na Katie Brown, bibi wa kisiwa cha Sapelo katika pwani ya Georgia, Marekani. Waliokuwa wakikusanya simulizi za wazee walimkuta, naye akawasimulia jinsi bibi yake, Margaret, alivyokuwa akipika vikate hivyo siku moja maalumu kila mwaka. Margaret aliviita saraka.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Neno hilo ni sadaka, kama linavyotamkwa sehemu nyingi za Afrika Magharibi. Lilivuka bahari midomoni mwa watu waliofungwa minyororo, likakaa jikoni kwa vizazi, hata baada ya watoto kubatizwa na maana yake ya awali kuanza kufifia.

Margaret alikuwa binti wa Bilali Muhammad, aliyezaliwa Timbo, Futa Jallon, katika nchi ya leo ya Guinea. Alitekwa akiwa kijana na kupelekwa visiwa vya Karibi. Mwanzoni mwa karne ya 19 akanunuliwa na Thomas Spalding, tajiri aliyelima pamba na miwa Sapelo, na baadaye akafanywa nyapara juu ya mamia ya watumwa wenzake. Cheo hicho kilikuwa na uchungu wake, nami sipendi simulizi zinazokifanya kuwa fahari tupu. Nyapara mtumwa bado alikuwa mtumwa, na kazi yake ilikuwa kuwatumikisha ndugu zake. Lakini hakuacha swala. Katie Brown alisimulia alivyosikia kwa wakubwa wake kwamba Bilali na mkewe Phoebe walisali kwa tasbihi, na walikuwa makini sana na nyakati za ibada.

Aliacha pia maandishi ya Kiarabu, kurasa 13, kwa hati ya Kimaghribi, yaani mwandiko wa Kiarabu wa Afrika Kaskazini na Magharibi. Kwa miaka mingi wasomi wa Marekani waliyaita shajara. Walidhani mtumwa aliyejua kuandika lazima aliandika habari za shamba la bwana wake. Mwanaisimu Joseph Greenberg alipokwenda Kano, Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1930, aliwaonyesha masheikh wa Kihausa nakala yake, wakaitambua: ni vipande vya Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi (sheria ya Kiislamu) ya madhehebu ya Kimaliki kinachosomeshwa Afrika Magharibi. Humo mna mlango wa udhu na mlango wa adhana. Yaelekea aliyaandika kwa kumbukumbu, na tahajia imepotoka hapa na pale, kama ya mtu aliyeng'olewa chuoni kabla hajahitimu na asiyekuwa na mwalimu wala kitabu cha kujisahihishia. Kila nikiwaza kurasa hizo huwaza ule upweke.

Uzao wake ni sehemu ya watu waitwao Gullah Geechee, wazao wa watumwa wa visiwa na pwani kuanzia North Carolina hadi Florida. Malaria iliwafukuza mabwana wengi mashambani majira ya joto, na visiwa havikuwa na madaraja. Ndiyo maana krioli yao, lugha iliyozaliwa kwa kuchanganya Kiingereza na lugha za Afrika, imebaki na maneno mengi ya Afrika. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliitambua pwani hiyo kuwa ukanda wa urithi wao.

Kutambuliwa hakujalinda ardhi. Katikati ya karne ya 20, tajiri wa tumbaku R. J. Reynolds Jr., aliyekuwa amenunua sehemu kubwa ya Sapelo, aliwasukuma wakazi kutoka vijiji vyao hadi kijiji kimoja, Hog Hammock. Leo wamebaki wachache, na hufika bara kwa kivuko. Mwaka 2012 kodi za ardhi zilipanda ghafla. Septemba 2023 kaunti ya McIntosh ikaruhusu nyumba za hadi mita za mraba 280 hivi, zaidi ya maradufu ya kipimo cha awali, na wenyeji wakahofu kwamba matajiri wakijenga, kodi itapanda tena.

Cornelia Walker Bailey, mzao wa Bilali aliyefariki 2017, alieleza kuwa utotoni walifundishwa kusali wakielekea mashariki, ingawa walikuwa Wabaptisti. Katika miaka yake ya mwisho alihimiza wenzake walime kunde nyekundu na aina ya zamani ya miwa yenye michirizi ya zambarau, wauze, fedha zisaidie kuwabakisha kisiwani. Miwa ilikuwa moja ya mazao yaliyomtajirisha Spalding, ikikatwa na watu waliokuwa chini ya Bilali. Sasa wazao wao waliipanda kwa ajili ya ardhi yao wenyewe.