Igizo la Mateso na Mahubiri ya Juma Kuu: Yanayopaswa Kurekebishwa Kuhusu Wayahudi

Kila Kwaresima vikundi vya vijana huanza mazoezi ya igizo la Mateso ya Yesu, na kila mwaka waamini hulalamika kuhusu yaleyale: Wayahudi "waliomuua Mungu", "taifa lililolaaniwa", "ndiyo maana mpaka leo wanateseka". Maneno haya hutoka jukwaani, na wakati mwingine kwenye mimbari. Hatuamini kwamba wanaoyasema wana nia mbaya. Mara nyingi mswada umerithiwa kutoka kikundi cha miaka iliyopita, ukanakiliwa na kunakiliwa tena, na hakuna aliyeusoma akiwa na Injili mkononi. Hata hivyo maneno hayo si mafundisho ya Kanisa, na si suala la ladha ya mtunzi.

Tamko la Nostra Aetate, kuhusu uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo, lililopitishwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88, linasema wazi katika namba 4: yaliyotendeka katika Mateso hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote walioishi wakati ule bila kubagua, wala Wayahudi wa leo. Tena Wayahudi wasionyeshwe kana kwamba Mungu amewakataa au amewalaani. Katekismu ya Kanisa Katoliki inarudia hayo katika namba 597 na 598.

Kuna wanaojibu kwamba haya ni mambo ya kisasa, ya kutaka kupendwa na watu. Hapana. Katekismu ya Mtaguso wa Trento ya mwaka 1566 ilikwisha kufundisha kwamba wakosefu wote ndio sababu ya Mateso ya Kristo, na kwamba hatia yetu Wakristo ni nzito kuliko ya Wayahudi, kwa sababu sisi tunakiri kumjua na bado tunatenda dhambi. Anayetaka mafundisho ya zamani aanzie hapo.

Tukija kwenye tukio lenyewe, msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi, na aliyetoa hukumu alikuwa liwali wa Kirumi. Ndiyo maana katika Kanuni ya Imani tunamtaja Ponsyo Pilato. Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36, na hakuwa mtu mpole aliyezidiwa na kelele. Luka 13:1 inataja Wagalilaya ambao alichanganya damu yao na dhabihu zao, na mwisho wake aliondolewa madarakani baada ya kuwaua Wasamaria karibu na mlima Gerizimu. Kayafa naye alishika ukuhani mkuu kwa ridhaa ya Warumi. Kulikuwa na viongozi wa Hekalu waliotaka Yesu afe, na hatufichi hilo, ila viongozi wachache si taifa.

Sasa mswada. Kosa la kwanza liko kwenye mavazi. Yesu, Mama Maria na mitume huvalishwa kanzu nyeupe safi, na "Wayahudi" huvalishwa nyeusi, na ndevu za bandia, na Yuda akiwa na mfuko wa fedha unaolia kila anapopita. Mtazamaji hujifunza bila kuambiwa kwamba hizi ni kabila mbili. Yesu alikuwa Myahudi, mama yake Myahudi, mitume wote Wayahudi. Walikuja Yerusalemu kula Pasaka kama wengine. Wavalisheni wote mavazi ya namna moja, na walio tofauti wawe askari wa Kirumi.

Kosa la pili, ambalo ndilo zito zaidi, ni umati mbele ya Pilato. Miswada mingi huandika tu "WAYAHUDI WOTE: Asulibiwe!", kisha kwaya nzima, watu 40 au 60, hupaza sauti pamoja. Marko 14:2 inasema viongozi waliogopa kumkamata wakati wa sikukuu, kusije kukatokea ghasia ya watu. Wangeogopa nini kama watu wote walikuwa upande wao? Luka 23:27 inaonyesha kundi kubwa likimfuata Yesu pamoja na wanawake wakimwombolezea, na 23:48 inasema makutano walirudi wakijipiga vifua. Kwa hiyo gaweni umati: wachache wapige kelele, wengine wasimame kimya, wengine walie, na wachache wabishane na wanaopiga kelele. Katika mswada mwandike "baadhi ya watu". Ni marekebisho ya dakika tano, na hubadili igizo zima.

Kilio cha Mathayo 27:25, "Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu", kiondoeni kwenye igizo. Mstari huo ni Neno la Mungu na unabaki katika Injili, lakini jukwaani hakuna wa kuufafanua, na kwa karne nyingi ulitumiwa kama hati ya laana kwa watoto wa watoto. Pilato asiandikiwe hotuba ndefu za huruma ambazo hazimo katika Injili. Mafarisayo msiwaweke katika kesi: Marko, Mathayo na Luka hawawataji katika kikao cha Baraza.

Tunasisitiza hivi kwa sababu historia ya Ijumaa Kuu ni chungu. Mwaka 386 na 387, huko Antiokia, Yohane Krisostomo, aliyekuwa padre wa huko, alihubiri dhidi ya Wakristo waliohudhuria sinagogi kwa maneno makali mno juu ya Wayahudi, na maneno hayo yalinukuliwa karne baada ya karne. Mwaka 1096, vikosi vya Vita vya Msalaba viliwaua Wayahudi wa Worms na Mainz kabla havijafika popote karibu na Yerusalemu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwaamuru Wayahudi wavae mavazi ya kuwatambulisha na wasitoke hadharani siku za mwisho za Juma Kuu. Huko Roma, igizo la Mateso la Colosseum lilisimamishwa mwaka 1539. Igizo la Oberammergau, Ujerumani, linalochezwa tangu 1634, lilihudhuriwa na Hitler mwaka 1934 naye akalisifu. Kilio cha damu kilikuja kuondolewa humo mwaka 2000. Wenzetu Walutheri nao wamekana hadharani maandishi ya Martin Luther, mwanzilishi wa madhehebu yao, ya mwaka 1543 yaliyotaka masinagogi yachomwe.

Liturujia yenyewe ilirekebishwa. Zamani, katika sala za Ijumaa Kuu, waamini walipiga magoti kwa kila nia isipokuwa ya Wayahudi. Papa Pius wa Kumi na Mbili alirudisha kupiga magoti mwaka 1955, na Yohane wa Ishirini na Tatu akafuta neno la kuwadharau mwaka 1959. Leo nia hiyo ni ya sita kati ya kumi, na inawaombea Wayahudi, ambao Mungu alisema nao kwanza, wakue katika kulipenda jina lake na katika uaminifu kwa agano lake. Isomwe kama ilivyo katika Misale.

Hapa wengine huvuka mpaka upande wa pili. Kwa nia njema, msomaji hubadilisha maneno ya Injili ya Yohane wakati wa ibada ili kulainisha neno "Wayahudi". Hairuhusiwi. Kanuni namba 846 §1 ya Sheria za Kanisa inakataza mtu yeyote kuongeza, kupunguza au kubadili chochote katika liturujia kwa mamlaka yake mwenyewe. Igizo mnaweza kulihariri, Injili hapana. Wala igizo halichukui nafasi ya somo la Mateso. Lichezwe nje ya ibada. Ufafanuzi ni kazi ya homilia, na homilia ni ya padre au shemasi peke yake (Kanuni 767 §1), si ya katekista wala mwenyekiti wa vijana. Kibali cha kuhubiri kinaweza kuwekewa mipaka au kuondolewa na mwenye mamlaka (Kanuni 764).

Utaratibu tunaoshauri: mswada umfikie paroko mapema, si usiku wa kuamkia Dominika ya Matawi, ukiwa mzima pamoja na maelezo ya mavazi na nyimbo. Paroko aurudishe na marekebisho ya maandishi, na nakala za zamani ziondolewe kwenye kabati la kikundi, maana ndizo zinazorudi mwaka unaofuata. Mwamini mwenye malalamiko kuhusu liturujia ana haki ya kuyapeleka kwa Askofu wa jimbo, au hata kwa Kiti Kitakatifu, ingawa inafaa aanzie kwa Askofu, kama isemavyo Redemptionis Sacramentum, hati ya Vatikano kuhusu nidhamu ya Ekaristi, namba 184. Andikeni tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa. Video fupi ya simu isiyo na mwanzo wala mwisho haisaidii.

Mwisho, bendera. Baadhi ya vikundi sasa hupamba jukwaa kwa bendera ya Israeli na kupuliza pembe ya kondoo, wakidhani huko ndiko kuwaheshimu Wayahudi. Maelekezo ya Vatikano ya mwaka 1985 kuhusu mahubiri na katekesi yanasema kwamba Dola la Israeli na siasa zake zipimwe kwa kanuni za kawaida za sheria ya kimataifa, si kwa mtazamo wa kidini. Bendera ya taifa lolote isiwekwe kwenye igizo la Mateso, na vifaa vya ibada ya Kiyahudi visigeuzwe mapambo.