Kidole kilichokatwa kinapowasha

Hapa Lamu, ninapowavisha watu mikono ya bandia, mtu aliyekatwa mkono hunieleza kwa sauti ya chini kwamba kidole gumba asichokuwa nacho tena kinamwasha. Wengine wameshaambiwa nyumbani kuwa ni pepo. Si pepo, wala si wazimu. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda vidoleni imekatwa ncha tu; ndani ya kigutu ingali hai, na ubongo haujausahau mkono ule.

Mimi naliona hilo kuwa jambo la matumaini. Mkono wa bandia wa umeme husoma misuli ya kigutu inapokaza, ukafumba vidole au kuvifumbua. Amri inakwenda, lakini kwa mikono mingi habari hairudi. Mwenyewe akishika yai hajui amelibana kiasi gani mpaka alitazame. Gizani hana la kufanya. Fundi wa jahazi kule Matondoni hupapasa maungio ya mbao ajue kama pamba ya kalafati, ile ya kuziba nyufa, imejaa. Na sisi tunapomega tonge la wali, nani hutazama vidole vyake?

Watafiti wameirudisha habari hiyo kupitia mishipa ileile. Vitambuzi kwenye vidole vya bandia hupima mgandamizo, kisha mapigo hafifu ya umeme hupelekwa kwenye elektrodi, yaani vipande vidogo vya kupitishia umeme, zilizopandikizwa ndani ya sehemu ya mkono iliyobaki. Umeme ukigusa mshipa wa fahamu uitwao mediani, mtu huhisi gumba na kidole cha shahada. Ukigusa wa alna, huhisi kidole cha mwisho. Mwaka 2014 timu ya Silvestro Micera ilieleza habari za Mdenmark aliyepandikizwa elektrodi hizo huko Roma: akiwa amefungwa macho, alitofautisha kitu kigumu na laini. Mwaka huohuo, timu ya Dustin Tyler ya Cleveland, Marekani, ilionyesha mtu akichuma vikonyo vya cheri bila kuzipasua. Hata maumivu ya mkono usiokuwepo yalimpungua, na kwangu hilo lina uzito kuliko cheri.

Mikono tunayowavisha watu hapa bado haihisi. Basi tunza kigutu: kioshe kila jioni, kikauke vizuri, maana jasho la pwani huchubua ngozi ndani ya kikombe cha mkono wa bandia, pale kigutu kinapoingia. Maumivu yakizidi tunaweza kujaribu mazoezi ya kioo, yaani kutazama mkono mzima kwenye kioo kana kwamba ndio ule uliokatwa. Na ukija, usione haya kuniambia ni kidole gani kinachowasha, na ukibonyezwa wapi kwenye kigutu ndipo unakihisi. Nayaandika yote kwenye faili lako.