Ngozi ya kupandikiza usoni inatoka wapi, na hapo ilipotoka panakuwaje?

Kupandikiza ngozi ni kuitoa sehemu moja ya mwili wa mgonjwa na kuiweka sehemu nyingine ya mwili wake huyohuyo, pale ngozi ilipopotea. Kwa hiyo aliyeingia chumba cha upasuaji na kidonda kimoja usoni hutoka na vidonda viwili. Hiki cha pili ndugu wengi hawakiulizii wakati wa kutia sahihi, na mara nyingi ndicho kinachomuuma mgonjwa zaidi siku za kwanza.

Tuseme mtoto wa Ujiji amemwagikiwa mawese ya moto. Shavu limeungua hadi ndani, na kope ya chini imeguswa.

Kwa eneo pana kama shavu, daktari anaweza kuparua ngozi nyembamba kutoka pajani: tabaka la juu lote na sehemu tu ya lile la chini yake. Paja halishonwi. Mashina ya vinyweleo na tezi za jasho yaliyobaki humo ndani huotesha ngozi mpya, kwa kawaida katika wiki mbili, wakati mwingine tatu. Lakini ncha za neva zimeachwa wazi, kwa hiyo dawa ya maumivu isicheleweshwe. Mtoto anayelilia paja kuliko shavu hadeki.

Kope ni habari nyingine. Ngozi nyembamba hunywea sana inapopona, na ikinywea chini ya jicho huivuta kope. Jicho halifungi hata usingizini, sehemu yake ya mbele inakauka, na uoni unaweza kupotea. Ndiyo maana hapo hupendelewa ngozi nzima, yenye matabaka yote, ambayo hunywea kidogo. Hutolewa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, ambako rangi inakaribiana na ya uso, kisha kingo zinashonwa na kubaki mstari. Kipande chenyewe lazima kiwe kidogo, la sivyo kingo hazitakutana.

Wengine huchagua kinena kwa kuwa kovu litafichwa na nguo. Ni hoja nzuri, ila ngozi ya huko mara nyingi ni nyeusi kuliko ya uso, na mtoto akichukuliwa ngozi karibu mno na sehemu za siri, akibalehe anaweza kuota nywele za huko shavuni. Mzazi ana haki ya kuelezwa jambo hili mapema.

Ngozi iliyohamishwa haiji na damu yake. Siku moja au mbili za kwanza huishi kwa majimaji inayofyonza kutoka kwenye kidonda. Baadaye mishipa midogo huungana, na kufikia mwisho wa wiki damu inapita. Damu ikiganda chini yake, usaha ukiingia au ngozi ikisogezwa, hufa. Bandeji nene inayoshonewa juu yake usoni ipo kwa kazi hiyo ya kuishikilia, na haifunguliwi kwa kutaka kuchungulia.

Pajani nako shashi yenye mafuta huachwa mpaka ibanduke yenyewe, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Bibi anayeivuta kila asubuhi kwa nia njema anaondoka na ngozi changa. Kukiwa na harufu mbaya, usaha, homa au maumivu yanayoongezeka, arudishwe hospitali bila kujaribu majani wala majivu kwanza. Pakishapona patawasha na kukauka, kwa hiyo papakwe mafuta ya mgando na kukingwa na jua. Rangi yake inaweza kuwa nyeusi zaidi au kufifia kwa miezi, na pengine isirudi kabisa.

Kuna pia keloidi, kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha. Sisi watu weusi tunalipata zaidi, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Kama mama wa mtoto aliota uvimbe alipotoboa masikio, amwambie daktari kabla ya nyuma ya sikio kukatwa.

Mfupa au gegedu likiwa wazi, ngozi tupu haishiki. Hapo huhamishwa nyama pamoja na mshipa wake wa damu. Kujenga pua kwa ngozi ya paji la uso ni ufundi wa kale wa India. Gazeti moja la London liliuandika mwaka 1794, na Joseph Carpue, daktari wa upasuaji Mwingereza, akaufanya London mwaka 1814. Bado unatumika. Paji hubaki na kovu la wima, na ile shingo ya nyama inayoleta damu huachwa ikining'inia hadi puani kwa wiki tatu hivi kabla ya kukatwa katika upasuaji wa pili. Kwa mtu aliyepewa rufaa kutoka hospitali ya Maweni, Kigoma, kwenda hospitali ya Bugando, swali la nani wa kufikia kwake Mwanza kwa muda wote huo liulizwe kabla ya kupanda basi.