Umevua viti vya gari: mkaguzi atauliza nini?

Msimu wa zabibu ukifika Hombolo na Mpunguzi, Dodoma, viti vya Noah huhamia barazani. Gari linabaki na viti viwili vya mbele, nyuma zinapangwa kreti hadi karibu na dari, na safari ya soko la Majengo inaanza alfajiri. Ukaguzi ukikaribia ndipo mwenye gari anauliza: bila viti litapita?

Kiti kutokuwepo peke yake si ubovu. Breki hazijui kama kiti cha nyuma kipo, wala usukani. Magari mengi ya namna hii hukwama kwa sababu mbili: kadi inasema jambo jingine, au fundi aliyevua viti ameacha sakafu na nyaya katika hali mbaya.

Tuanze na kadi. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA, mamlaka ya mapato, ina idadi ya viti, aina ya bodi, uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa na mzigo. Mkaguzi analinganisha gari lililo mbele yake na karatasi hiyo: namba ya chesisi, namba ya injini, rangi, kisha anafungua mlango na kuhesabu. Kadi ikisema 8 na ndani viko 2, gari analokagua silo lililoandikwa. Kama umevua kwa muda, rudisha viti vyote kabla ya siku ya ukaguzi. Kama umeamua gari liwe la mizigo moja kwa moja, badilisha taarifa: gari likaguliwe na mkaguzi wa magari wa polisi, na kadi ipelekwe TRA irekebishwe. Halafu mweleze wakala wako wa bima. Aliyekatia gari bima kama la familia kisha akalipakia mizigo ya watu kwa malipo anajitafutia mgogoro siku ya ajali, awe na bima kubwa au ndogo. Kubeba kwa malipo kunataka pia leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na namba nyeupe. Namba ya njano ni ya gari binafsi.

Kuongeza viti ni habari nyingine kabisa. Kibao kilichochomelewa katikati ya safu mbili za Hiace hakina mkanda, hakijapimwa nguvu, na kinaziba njia ya kutokea. Hicho hakitetewi kwa namna yoyote.

Sasa gari lenyewe. Katika Toyota nyingi ndogo kila kiti cha mbele kimeshikwa na bolti nne za spana namba 14. Ni bolti za milimita 10 zenye meno ya karibu, milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Bolti ya milimita 10 unayouziwa duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ina meno ya mbali, milimita 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, fundi anaongeza bomba kwenye spana, na nati iliyochomelewa chini ya sakafu inakufa meno. Kuanzia hapo kiti kinacheza. Bolti za mikanda nazo ni za kipimo tofauti, inchi 7/16, nene kidogo kuliko za kiti. Ukiweka ya kiti kwenye tundu la mkanda itaonekana imekaa, lakini imeshika ncha za meno tu. Kwa hiyo bolti zikitoka, zirudishe kila moja kwenye tundu lake kwa mkono, mizunguko mitatu, ndipo uweke kiti pembeni. Zikikaa kwenye kopo pamoja na bolti za mikanda, wiki ya tatu hakuna anayekumbuka ipi ni ya wapi.

Viti vya mbele vina jambo la ziada. Chini yake hupita nyaya za eabegi (mifuko ya hewa) za ubavuni na za kifaa kinachovuta mkanda wakati wa kugonga. Soketi zake kwa kawaida ni za njano. Kabla ya kuzigusa, zima swichi, fungua upande hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 ili umeme uliohifadhiwa kwenye mfumo uishe. Usipime soketi hizo kwa mita. Usiwashe swichi soketi zikiwa wazi, kwani kompyuta itaandika hitilafu na taa ya eabegi inaweza kuendelea kuwaka kwenye dashibodi hata baada ya kuunganisha, mpaka ifutwe kwa mashine. Wapo wanaotoa balbu ya taa hiyo. Mkaguzi anayejua kazi anatazama taa zote zikiwaka pale swichi inapofunguliwa kabla ya injini kuwaka, na ile isiyowaka kabisa inamtia shaka kuliko inayowaka.

Kifungio cha mkanda wa mbele mara nyingi kimefungwa kwenye kiti, hakiko sakafuni. Kiti kikitoka, kifungio kinaondoka nacho na mkanda unabaki unaning'inia kwenye nguzo. Ufunge usipigepige, na hakikisha hakuna mtu anayekaa pale. Hili la mtu kukaa ndilo kubwa: gari limevuliwa viti kwa ajili ya mzigo, linarudi kutoka mnada wa Msalato na watu sita juu ya magunia. Hapo hatuzungumzii tena kadi.

Sakafuni mkaguzi anatafuta matundu, ncha na kutu. Tundu la bolti lililoachwa wazi linapitisha vumbi, jambo ambalo mtu wa Dodoma anaweza kulizoea, lakini linapitisha pia moshi wa ekzosi ikiwa bomba limetoboka chini yake, na ile gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, haina harufu. Ziba kwa raba za kuzibia bodi. Reli zilizobaki zimejitokeza zitolewe au zifunikwe. Usikate reli kwa moto: unachoma rangi ya kinga, kutu inaanza, na siku ya kurudisha kiti huna pa kukifunga.

Uzito una hesabu rahisi ambayo watu wengi wanairuka. Wahandisi hukadiria abiria mmoja kilo 75. Noah ya viti 8 ikivuliwa 6, umepata nafasi ya kilo 450, jumlisha uzito wa viti vyenyewe. Gunia la mahindi kutoka Kibaigwa likifungwa kihalali halizidi kilo 100. Basi ni magunia manne, la tano kama viti ulivyotoa vinafikia kilo 50 kwenye mizani. Nafasi ya kupakia kumi ipo, springi za kumi hazipo. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mbali na kuvunja sheria ya vipimo, inaharibu hesabu yote.

Likizidiwa, nyuma linakaa chini, taa za mbele zinamulika juu na kuwapofusha wanaokuja. Dawa ya gereji huwa ni kuongeza majani ya springi au kuweka spesa, vipande vya kuinulia bodi. Kwenye Hiace na pikapu nyingi dawa hiyo ina madhara yasiyoonekana. Zina valvu iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayopima bodi imekaa juu au chini. Bodi ikishuka, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma. Ukiinua bodi kwa springi, valvu inaamini gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za mbele zinabeba kazi karibu yote, na kwenye mteremko wa Nyang'oro ukitoka Iringa kwenda Mtera zinachemka mpaka pedali inazama. Tatizo hilo halionekani ukikagua gari tupu, kwa hiyo liangaliwe na fundi, na valvu irekebishwe kila springi zinapobadilishwa.

Kabla hujashika spana, jaribu kukunja. Kiti cha safu ya tatu cha Noah nyingi kinakunjwa na kufungwa ubavuni, na cha nyuma cha Probox kinalala. Kilichokunjwa bado kipo, na kadi haiguswi.

Ukiwa unarudisha, anza bolti zote nne kwa mkono kabla ya kukaza hata moja, kisha kaza kwa kukingamanisha. Kipimo kipo kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota nyingi ndogo ni kama niutoni-mita 37, nguvu ya mkono mmoja kwenye spana ya kawaida, bila bomba. Sukuma kiti mbele na nyuma usikilize: reli zote mbili zifunge kwa mlio mmoja. Ikisikika milio miwili, kiti kimekaa mshazari. Legeza bolti, kinyooshe, kaza upya. Vuta kila mkanda kwa ghafla uone kama unagoma, na ukague utepe wake, kwa sababu viti vilivyolala barazani miezi miwili panya huwa wamekwishavipitia.