Anaposema atakuua: kupima hatari ndani ya uhusiano na kupanga hatua za kuchukua

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu naifanya hospitalini, kati ya wodi, chumba cha dharura na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na ndugu wa mwanamke anayepigwa na mwenzi wake ni kwa nini haondoki. Nawaomba waliweke kando kwanza, kwa kuwa linamsukuma achukue hatua yenye hatari kubwa kuliko zote kabla mtu yeyote hajaipima hatari yenyewe. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba uwezekano wa kuuawa hupanda pale mwanamke anapotangaza kwamba anaondoka, na hubaki juu katika miezi ya mwanzo baada ya kuondoka. Kwa hiyo yanayopaswa kuulizwa kwanza ni mawili: yuko katika hatari kubwa kiasi gani, na ataondokaje salama?

Hatari hii haiko mbali na nyumba zetu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulifanyika pia Tanzania, na kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha jambo lililonihuzunisha zaidi ya hilo: asilimia 58 ya wanawake waliohojiwa walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Mtu aliyelelewa akiamini hivyo hawezi kulitambua tishio kwa urahisi, kwa sababu analiona kama sehemu ya ndoa. Ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inasema vinginevyo. Kifungu hicho kina zaidi ya nusu karne, na bado nakutana na wazee wa familia wanaokisikia kwa mara ya kwanza ninapowasomea.

Nianze na vitisho, kwa sababu ndivyo vinavyodharauliwa zaidi. Watu husema ni hasira tu, yule ana mdomo lakini hana neno. Uzoefu wangu ni kwamba tishio hupimwa kwa undani wake na kwa mambo linayoambatana nayo, wala si kwa ukali wa sauti. Anayepiga kelele kwamba atakuua wakati wa ugomvi anatisha, lakini anayekuambia asubuhi yake, akiwa ametulia na anakunywa chai, kwamba ukienda kwenu mzigo utakaofuata kurudishwa kwenu ni jeneza, ananitia wasiwasi zaidi. Huyo ametaja sababu, yaani kuondoka kwako, na ametaja matokeo. Akitaja pia njia, iwe panga, tindikali, petroli au sumu, au akiwa ameshakuonyesha kifaa hicho, au akisema atakuua wewe kisha ajiue mwenyewe, usingoje pigo la kwanza ndipo uamini. Tishio la kujiua nalo mara nyingi huchukuliwa kama ombi la huruma. Mimi hulihesabu miongoni mwa dalili za hatari kwa watu wote waliomo ndani ya nyumba.

Vitisho mara nyingi hutanguliwa na udhibiti, na udhibiti huanza kwa sura ya mapenzi. Anataka kujua uko wapi kila saa, anasoma meseji zako pamoja na za miamala ya pesa, anakuambia dada yako anakupotosha, anakuzuia kwenda kwenye kikoba, anakaa na kitambulisho chako cha NIDA. Baada ya muda mwanamke anajikuta hana fedha, hana simu yenye siri, hana ndugu anayempigia, na hapo ndipo tishio linapopata nguvu, kwa kuwa hakuna mtu wa tatu anayelisikia.

Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitengeneza katika miaka ya 1980 dodoso la kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, na maswali yake yanafaa hata katika mazingira yetu. Je, kipigo kimekuwa kikali zaidi au cha mara kwa mara zaidi katika mwaka uliopita? Je, amewahi kutumia silaha au kukutishia nayo? Je, anakulazimisha tendo la ndoa? Je, alikupiga ukiwa mjamzito? Je, ana wivu wa kupindukia na anakufuatilia unakokwenda? Je, yumo ndani ya nyumba mtoto ambaye si wake? Je, unaamini anaweza kukuua? Swali hili la mwisho wahudumu wengi hulisahau, na mimi siliachi kamwe. Mwanamke anayeishi na mtu huyo anamjua kuliko sisi, na akijibu ndiyo, nalichukua jibu lake kwa uzito wake. Akijibu hapana, naendelea kuuliza, kwa sababu wapo wengi waliozoea hatari hadi wakaacha kuiona.

Miongoni mwa maswali hayo limo moja ambalo nalipa nafasi ya pekee: amewahi kukukaba? “Alinikaba kidogo, lakini hakunipiga” ni maneno ninayoyasikia sana, na yanasemwa kama nafuu. Ukweli ni kinyume chake. Mishipa ya damu ya shingoni hubanwa kwa nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Watafiti waliochambua kesi 300 za kukabwa katika jiji la San Diego, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001, waliona kwamba katika nusu ya kesi hizo hapakuwa na alama yoyote ya kuonekana kwa macho. Utafiti mwingine wa nchi hiyo, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mwanamke ambaye mwenzi wake ameshawahi kumkaba ana uwezekano wa zaidi ya mara 7 wa kuja kuuawa, akilinganishwa na wanaopigwa ambao hawajawahi kukabwa.

Kwa hiyo anapoingia mtu chumbani kwangu akiwa amejifunga mtandio shingoni wakati wa joto, na sauti yake inakwaruza kama ya mwenye mafua, naacha fomu na kumuuliza kuhusu shingo. Anameza kwa shida? Alijikojolea bila kujua? Kuna dakika asizozikumbuka? Daktari naye huangalia ndani ya kope, kwenye weupe wa macho na nyuma ya masikio, kutafuta madoa madogo mekundu yanayotokana na vijishipa vilivyopasuka. Hata akionekana mzima anapaswa kuchunguzwa, kwa kuwa ukuta wa ndani wa mshipa wa shingoni unaweza kuwa umechanika, damu ikaganda hapo, na kiharusi kikamjia siku kadhaa baadaye. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kupumua kwa shida baada ya kukabwa ni sababu ya kurudi hospitalini saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana.

Hayo yote hayaulizwi mbele ya mume. Mara nyingi yeye ndiye anayemleta, ni mpole, analipia kila kitu, na ndiye anayejibu kila swali: aliteleza bafuni. Tunatafuta njia ya kawaida ya kuwatenganisha, kwa mfano kumwambia kwamba kipimo cha mkojo huchukuliwa na mgonjwa akiwa na muuguzi peke yao. Wahudumu wenzangu, naomba pia muangalie kalamu zenu. PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha) iliyoandikwa “maumivu ya mwili” haimsaidii hakimu. Iliyoandikwa mahali pa kila jeraha, ukubwa wake, rangi yake, sauti ya mgonjwa na maelezo yake kwamba alikabwa kwa mikono miwili, inamsaidia.

Fomu hiyo ya PF3 hutolewa na polisi, na hapo ndipo ulipo umuhimu wa Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo huduma zake ni bure na ambapo unaweza kuomba kusikilizwa na askari wa kike. Ukiwa na jeraha la dharura tangulia hospitalini, fomu itafuata. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na kwa watoto walio hatarini ni 116. Baadhi ya hospitali zina Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi, ushauri nasaha na msaada wa kisheria hupatikana mahali pamoja, na anayekuhudumia akikuelekeza huko usisite kwenda. Usiondoke kituo cha polisi bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa uliyoiandikisha. Kumtishia mtu kwa maneno au kwa silaha ni kosa la jinai lenyewe hata kama hukuguswa, na haijalishi kama mmefunga ndoa au mnaishi kinyumba tu. Meseji na sauti zilizorekodiwa hupokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ila mahakama itataka kujiridhisha na uhalisi wake, kwa hiyo usizifute, mtumie nakala mtu unayemwamini, kisha ifiche simu yenyewe.

Kuhusu kuondoka, ninachosisitiza ni kwamba usimtangazie. Peleka kidogo kidogo kwa mtu wa kuaminika, ambaye si rafiki wa mume, nakala za kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na za bima, dawa, na nauli. Ondoka akiwa kazini au safarini, wala si katikati ya ugomvi, isipokuwa ikiwa kubaki hata saa moja kunahatarisha uhai wako. Badilisha namba ya siri ya simu na ya akaunti ya fedha baada ya kutoka, kwa sababu ukiibadilisha mapema atajua. Ugomvi ukianza kabla mpango haujakamilika, usikimbilie jikoni wala chumba kisicho na mlango wa pili.

Sasa nifike kwenye usuluhishi, ambapo nitatofautiana na baadhi ya wasomaji. Sheria inamtaka anayeomba talaka apitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, ila katika mazingira ya kipekee mahakama inaweza kumruhusu aende moja kwa moja. Hitaji hilo ni la talaka tu. Halimzuii mtu kuripoti kipigo polisi siku hiyo hiyo. Lakini familia nyingi hulichanganya, na kikao cha kuyamaliza kifamilia huitishwa kabla jeraha halijapona. Mwanamke huketishwa mbele ya mtu aliyemkaba na kuulizwa alimkosea nini, kisha wote wawili wanaonywa kwa usawa, anarudishwa nyumbani jioni ile, na huko anapigwa kwa sababu ya yale aliyoyasema kikaoni. Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema bila hofu. Palipo na tishio la kuua, sharti hilo halipo, na mshenga, shehe, mchungaji au mwenyekiti wa mtaa anayeombwa kusuluhisha afanye jambo la maana zaidi kwa kuwasindikiza mama na watoto mahali salama.

Wapo pia wanaume wanaopigwa na kutishiwa na wenzi wao. Dawati linawapokea, PF3 ni ile ile, na aibu isiwazuie kuja.

Kwa jirani anayesikia kelele usiku: usiingie peke yako. Piga simu polisi, kusanya watu, gongeni mlango mkiwa wengi na mmuite mwanamke kwa jina ili awajibu mwenyewe. Kesho yake, mume akiwa ameshatoka, pita kama unayeomba chumvi, mwambie umesikia, umwachie namba yako ya simu aihifadhi kwa jina la fundi cherehani, na mkubaliane neno moja ambalo akikutumia tu, wewe utajua ni la kuita polisi.