Je, wajua? Mizunguko mitatu ya 1080 huanza kabla bodi haijaacha theluji

Kama umewahi kushika pedi ya PS2 (PlayStation 2) ukacheza SSX Tricky, gemu la snoubodi, yaani kuteleza kwenye theluji juu ya bodi, basi unaijua hii: mtu anashuka mlima kwa kasi ya kutisha, anafika ukingoni mwa rampu, anapaa juu kuliko paa la ghorofa, anachomoa mguu mmoja kwenye bodi, anajizungusha mara tatu au nne, anarudisha mguu, anatua, na wimbo wa Run-DMC unaendelea kugonga tu. Raha tupu. Sasa jiulize, ule mzunguko anaupata wapi? Hewani hana cha kukanyaga wala cha kushika, ila anazunguka kama feni.

Jibu fupi ni kwamba hewani hapati kitu. Mzunguko wote ameuchukua kwenye theluji kabla hajaondoka, na akishaondoka ameondoka nao, hauongezeki hata kidogo mpaka atue. Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba SSX, gemu ambalo watu wanaliona uongo mtupu, ndo lililofundisha jambo hili vizuri kuliko magemu mengi yanayosifiwa kuwa ya kweli.

Hapa nataka nikae kidogo maana dhana hii imeenea sana. Watu wanayagawa magemu ya snoubodi mafungu mawili: ya zamani yenye rangi kali na kuruka kusiko na kipimo, hayo ni ya kitoto, halafu ya sasa yenye milima mizuri na theluji inayong'aa, hayo ndo yanaheshimu fizikia. Ukisikiliza utadhani fizikia inakaa kwenye grafiksi. Mlima unaweza kuchorwa kwa ustadi mpaka ukahisi baridi na bado mtu aliye juu yake akazunguka kwa namna ambayo hakuna binadamu anaweza, na mwingine akachorwa kwa vipembe vichache vya PS2 lakini mwili wake ukafanya kile ambacho mwili wa kweli unafanya. Cha kuangalia ni jambo moja tu, gemu linakutaka uamue lini. Kama linakutaka uamue mzunguko wako ukiwa bado chini, limeielewa snoubodi. Kama linakuruhusu upae kwanza ndo ufikirie, hapo kuna kitu limekiruka.

Historia kwa kifupi. Snoubodi iliingia Olimpiki Februari 1998 kule Nagano, Japani, na mwezi huohuo, tarehe 28, Nintendo wakatoa 1080° Snowboarding ya Nintendo 64 hukohuko Japani. Kabla yake Cool Boarders ilikuwa kwenye PlayStation tangu 1996. SSX ikaja Oktoba 2000 siku ileile PS2 inaanza kuuzwa Marekani, Tricky 2001, SSX 3 mwaka 2003. Namba 1080 ni hesabu tu, mzunguko mmoja ni nyuzi 360, mitatu ni 1080.

Turudi kwenye mzunguko wenyewe. Nenda Forodhani pale Unguja jioni uwaangalie vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Wanakuja mbio, wanakanyaga ukingo, wanapiga sarakasi, chubwi. Mchague mmoja umwangalie kwa makini, ila usihangaike naye akiwa juu, we tazama mguu wa mwisho kugusa ukuta. Kabla huo mguu haujaachia jiwe, mabega yameshaanza kugeuka, mikono imeshatupwa upande anaotaka kwenda, na nyayo zinausukuma ukuta upande wa pili. Ukuta hausogei, kwa hiyo wenyewe ndo unamsukuma yeye, na huo msukumo wa muda mfupi ndo mzunguko wake wote. Akishaachia, hakuna tena cha kusukuma, hewa ni nyepesi mno kumsaidia. Anaweza kujikunja magoti kifuani akazunguka haraka zaidi, anaweza kujinyoosha akazunguka polepole, lakini akiba aliyotoka nayo ni ileile, kuiongeza hawezi na kuifuta hawezi, mpaka maji yamsimamishe. Na yule aliyesahau kujigeuza pale ukingoni, hata atupe mikono vipi huko juu, ataingia kwa tumbo na wenzake watamcheka.

Kwenye snoubodi kinachofanya kazi ya ule ukuta ni makali ya chuma yaliyoko pembeni mwa bodi. Mtelezaji anayetaka kuzunguka haji kwenye rampu amenyooka kama mshale, anakuja akikata kona ndogo ili ukali mmoja uume theluji, anapeleka mabega kinyume na upande atakaozungukia, yaani anajisokota, magoti yamekunjwa, halafu pale mwisho kabisa wa rampu anaachia vyote kwa pamoja. Mabega yanafyatuka, miguu inasukuma, ukali umeng'ang'ania theluji, theluji inamrudishia msukumo. Akiwahi kuachia, mzunguko unaanza bodi ikiwa bado chini na anaanguka kabla hajaruka. Akichelewa, ukali umeshaondoka kwenye theluji na hana cha kusukuma. Nafasi ya kupatia ni ndogo kuliko mpepeso wa jicho, na ndo maana wanaofanya mchezo huu wanarudia kuruka palepale siku nzima.

Sasa chukua pedi. Kwenye SSX unashika X, mtu anachuchumaa. Ukiwa bado umeshika X unabonyeza mshale wa kushoto au wa kulia, na ukimtazama vizuri utaona kiwiliwili kinajisokota huku bodi bado inateleza chini. Ukingoni unaachia X na kila kitu kinafyatuka. Ukiruka kwanza halafu ndo ukumbuke mshale, atazunguka, lakini mzunguko wa kivivu ambao mara nyingi haukufikishi popote na unatua ubavu. Watu wengi waliocheza pale Garibaldi, moja ya njia za gemu hilo, waliona tu kwamba wenzao wanazunguka zaidi na hawakujua siri ni nini, wakadhani ni mchezaji waliyemchagua, wakahama kutoka kwa Kaori wakaenda kwa Psymon na tatizo likabaki palepale, wakati siri ilikuwa kwenye ile nusu sekunde kabla ya kuruka.

Na haikutokea kwa bahati. Mmoja wa watu wakuu walioiongoza SSX kule EA Canada ni Steve Rechtschaffner, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa walioanzisha boardercross, zile mbio za watelezaji kadhaa kushuka pamoja kwenye njia yenye kona na matuta. Mbio hizo zimeingia Olimpiki tangu Torino 2006. Mtu wa theluji akitengeneza gemu, hata akilijaza fataki na rampu za ajabu, mwili wa mchezaji anauacha ujue unachofanya.

1080° Snowboarding nayo ilishika jambo hilohilo kwa masharti magumu zaidi. Pale unazungusha stiki ya N64 na kuchanganya na batani R na B kwa mpangilio, na ule mzunguko wenyewe wa 1080 unadai mpangilio mrefu mno, kwa hiyo lazima uwe umeshauamua mapema na uwe umepata mruko mkubwa wa kutosha, vinginevyo unafika chini mkono ukiwa bado katikati. Halafu bodi iwe imenyooka unapotua. Wengi waliliacha gemu hili kwa sababu ya ugumu, mi naliona ni moja ya magemu yaliyoheshimu mchezo kuliko yote ya wakati ule.

Linganisha na Alto's Adventure ya 2015, ambayo huku kwetu wengi tuliipata kwenye simu, maana kwenye Android ilikuwa ya bure. Ni nzuri sana, machweo yale na llama wale, siisemi vibaya hata kidogo. Ila ukigusa kioo anaruka, ukiendelea kushika akiwa hewani anapinduka kinyumenyume, ukiachia anaacha kupinduka. Mwili wa kweli haufanyi hivyo, hauwezi kuwasha mzunguko hewani wala kuuzima. Walikuwa na kidole kimoja tu cha kufanyia kazi, na kwa kidole kimoja walifanya uamuzi sahihi. Lakini ukiiweka pembeni ya SSX, gemu tulivu ndo lenye uongo mkubwa wa mzunguko, na lile lenye kelele ndo lenye ukweli.

Steep ya 2016 ilitengenezwa na Ubisoft Annecy, na Annecy ni mji uliopo chini kabisa ya milima ya Alps, watu wake wanaiona theluji dirishani. Kule pia unashika kwanza, unachagua upande kwa stiki, unaachia ukingoni. Riders Republic ya 2021 ilitoka studio hiyohiyo. Shredders ya 2022 ikaja na kuruka kwa kiasi cha kibinadamu. Mbinu ya kuandaa mwili mapema ilikuwepo tangu enzi za PS2, hawa wameirithi.

Haya, uongo wa SSX uko wapi basi? Uko kwenye muda. Ukipaa mita 5 juu ya ukingo na kurudi usawa uleule unakaa hewani kama sekunde 2. Mizunguko mitatu kwa sekunde 2 ni mzunguko mmoja na nusu kila sekunde, na binadamu wanaweza. Lakini ukitaka sekunde 6 lazima upande mita 44 hivi, jengo la ghorofa kumi na zaidi. SSX inakupa sekunde hizo kama njugu. Kutua nako kuna ukweli zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu mteremko mkali unaondoka chini yako unapoanguka, unaugusa kwa mshazari badala ya kuupiga uso kwa uso, ndo maana watelezaji wa kweli wanaogopa kutua bapa kuliko wanavyoogopa urefu.

Kuna kitu kimoja niweke sawa. Niliposema hewani huongezi kitu sikumaanisha mwili unaganda. Mtelezaji anaweza kupeleka miguu kushoto huku kifua kinakwenda kulia, bodi ikaonekana imegeuka, halafu akairudisha kabla ya kutua. Upande mmoja unalipia upande wa pili, jumla haijabadilika. Vilevile kwa kuinamisha bega moja wakati anaondoka anaweza kuzunguka kwa kuinama, kichwa kikashuka chini ya bodi, na hiyo ndo mitindo unayoiona Olimpiki siku hizi.

Na hapo ndo binadamu wameyapita magemu. Mwaka 1998 namba 1080 iliwekwa kwenye jina la gemu kwa sababu ilikuwa kilele cha ndoto. Vancouver 2010 Shaun White akafanya 1260 yenye kupinduka mara mbili. Beijing 2022 Ayumu Hirano wa Japani akachukua dhahabu ya hafupaipu, ule mfereji wa theluji wenye umbo la nusu bomba, kwa 1440 ya kupinduka mara tatu. Januari 2025, kwenye mashindano ya X Games kule Aspen, Marekani, Hiroto Ogiwara, naye Mjapani, akatua 2340, mizunguko sita na nusu kwa mruko mmoja. Itafute video yake uipunguze mwendo, angalia mabega kabla hajafika mwisho wa rampu, utaona amejisokota kiasi kwamba kifua kimeangalia upande mwingine kabisa.

SSX ya mwisho kubwa ilitoka 2012, ilijengwa kwa kutumia vipimo vya milima kutoka satelaiti za NASA, na Kilimanjaro yetu imo, unashuka kutoka juu na bodi. Tangu hapo kimya. Ila ukiwa na Xbox One au mpya zaidi, SSX 3 bado inacheza. Ukiipata, panda kileleni, shika batani ya kuruka mapema (kwenye Xbox ni A, siyo X), jisokote mpaka mwisho wa mshale, na usiachie mpaka pua ya bodi ivuke ukingo. Halafu rudi palepale uruke bila kujisokota, uone tofauti.